Turbini ya Diski Isiyo na Mapanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaoiunda Nyumbani

Maswali haya hutoka kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi, kwa mafundi wa karakana, na kwa wale waliotazama video moja usiku wakaamka na hamu ya kufungua kompyuta mbovu. Yanaanzia mambo ya mwanzo, yanaishia kwa mwenye mashine inayozunguka tayari. Ukiwa na haraka, soma la 5 na la 14 kabla ya mengine yote.

## Mambo ya mwanzo

1. Inazungukaje bila mapanga?

Ni rundo la diski bapa zilizofungwa kwenye mhimili mmoja huku zikiachiana nafasi ndogo sana. Hewa, mvuke au maji huingia ukingoni kwa nozeli, yaani mdomo mwembamba wa kupulizia, kwa mkao wa kuambaa na mduara. Ndani hakuna pa kutokea ila matundu yaliyo karibu na mhimili, kwa hiyo mkondo hujiviringisha kuelekea katikati, ukizidi kupoteza mwendo kadiri unavyosogea.

Mwendo huo unaopotea ndio unaochukuliwa na diski. Tabaka jembamba la hewa linaloigusa diski hunata juu yake, na tabaka la pili huburuzwa na la kwanza kwa sababu ya mnato. Hakuna kinachogonga kitu. Diski huvutwa na hewa inayoipitia usoni.

2. Nani aliibuni, na kama ni nzuri hivyo mbona hatuioni kwenye vituo vya umeme?

Ni Nikola Tesla. Aliomba hataza yake Marekani mwaka 1909 na kupewa tarehe 6 Mei 1913, namba 1,061,206. Siku hiyohiyo alipewa nyingine ya pampu ya diski, ambayo ni mashine ileile ikifanya kazi kinyume. Alifanya majaribio kwenye kituo cha Waterside, New York, na baadaye kampuni ya Allis-Chalmers ya Milwaukee ikaijaribu kwa ukubwa wa kiwandani. Diski zikapinda kwa kasi na joto.

Sababu ya pili ni ya hesabu. Profesa Warren Rice wa Arizona State University, aliyeichunguza mashine hii kwa miaka mingi, alionyesha kuwa rota yenyewe, yaani rundo la diski na mhimili wake, inaweza kuwa na ufanisi mkubwa iwapo mkondo unaopita ni mdogo na diski ni nyingi. Ila mkondo mdogo huleta nguvu ndogo. Ukiongeza mkondo, ufanisi unashuka, na hasara za nozeli na za njia ya kutokea hula sehemu kubwa ya kilichobaki. Turbini za mapanga hazina tatizo hilo kwa kiwango hicho, ndiyo maana hata mvuke wa ardhini wa Olkaria, Kenya, unazungusha mapanga. Pampu za diski, kwa upande mwingine, zinauzwa mpaka leo kwa ajili ya tope na vimiminika vizito.

3. Itanipa umeme kiasi gani?

Kidogo. Chukua nozeli yenye tundu la milimita 2 na hewa ya bar 6 kwenye geji. Humo hupita takriban gramu 5 za hewa kwa sekunde, sawa na lita 260 hivi za hewa ya kawaida kwa dakika. Ikitoka kwa mwendo wa mita 310 kwa sekunde inabeba nishati ya kama wati 250. Turbini ya nyumbani iliyotengenezwa vizuri ikikamata asilimia 20, unabaki na wati 50 kwenye mhimili, kabla ya hasara za jenereta.

Kompresa ya kulisha nozeli hiyo inakula wati 1,500 au zaidi, na ile ndogo ya karakana yenye tangi la lita 50 haitaifukuzia: tangi litashuka huku unatazama. Unayetafuta umeme wa nyumba, nunua paneli ya jua. Unayetaka kujifunza mikondo, kusawazisha na kukereza, hujakosea njia.

4. Je, naweza kuifunga iendeshe kompresa yake yenyewe?

Hapana. Rudi swali la 3: unaingiza 1,500, unapata 50. Hakuna beringi wala sumaku ya kuziba pengo hilo, na anayekuuzia mchoro wa kufanya hivyo anakuuzia karatasi.

## Kasi

5. Kwa nini mnasisitiza kasi kuliko presha?

Kwa sababu presha ina geji na kasi haina. Diski inayozunguka mara 5,000 kwa dakika na inayozunguka mara 25,000 zote huonekana kama ukungu wa rangi ya fedha. Jicho halikusaidii kitu hapo.

Hewa inayopita kwenye nozeli ya kawaida hufikia kasi ya sauti kwenye koo lake, karibu mita 310 kwa sekunde, mara tu geji inapovuka bar 1 hivi. Turbini isiyobeba mzigo huendelea kuongeza mwendo, ukingo wa diski ukiufukuzia mwendo wa hewa. Kwa diski ya milimita 95, ukingo wa mita 300 kwa sekunde ni mizunguko 60,000 kwa dakika. Msuguano kwa kawaida huizuia kabla ya kufika huko. Diski kupasuka nako huizuia.

Mkazo ndani ya diski hukua kwa mraba wa kasi: ukizidisha kasi mara mbili, mkazo unakuwa mara nne. Nati ya gramu 1 iliyofungwa ukingoni mwa diski hiyo, kwa mizunguko 20,000, inavutwa kwenda nje kwa kani ya kama kilo 21. Rundo la diski 10 za alumini za ukubwa huo hubeba nishati ya jouli 150 kwa mizunguko 10,000, na jouli 600 kwa mizunguko 20,000. Risasi ya bastola ya milimita 9 hutoka mtutuni na jouli 500 hivi.

Kwa hiyo kikomo cha kasi kinapangwa kwanza, kwenye karatasi, kisha ndipo diski, kasha na presha vinachaguliwa kukifuata. Wengi huanza na diski walizonazo, wakafungulia hewa, halafu wakauliza zilifika ngapi.

6. Nitapimaje kasi?

Kipima mizunguko cha leza kinachosoma kipande cha karatasi ya kung'aa ni bei ndogo, nacho kinatosha. Karatasi yenyewe ibandike kwenye mhimili, kamwe usiibandike kwenye diski, maana itang'oka na kuharibu usawazishaji.

Usipokuwa nacho, tumia programu ya simu inayochora masafa ya sauti. Masafa mara 60 ndiyo mizunguko kwa dakika: mlio wa hezi 167 ni mizunguko 10,000. Angalia tu usichukue mlio wa hewa kwenye matundu ukadhani ni wa mhimili. Diski yenye matundu sita hutoa pia mlio wa masafa mara sita.

7. Kikomo cha kuanzia kiwe ngapi?

Diski za CD: 5,000. Sahani za alumini za diski kuu ya kompyuta, zikiwa zimetobolewa vizuri: 10,000. Sahani hizo zilikuwa zikizunguka 5,400 au 7,200 maisha yao yote, tena bila matundu ya ziada. Kwenda juu ya hapo kunahitaji usawazishaji wa mashine (swali la 13) na kasha la kweli (swali la 14).

## Diski na ujenzi

8. CD za zamani zinafaa?

Kwa kujifunza, ndiyo, na kwa hewa ya presha ndogo tu. CD ina kipenyo cha milimita 120, unene wa 1.2 na tundu la milimita 15. Ni plastiki ya polikaboneti: huchoka, hupata nyufa ndogo kuanzia kwenye tundu la katikati, na zikifika mizunguko ya elfu ishirini na kitu hupasuka vipande vyenye ncha. Yenye ufa hata wa unywele, tupa. Kwa mvuke usizifikirie kabisa.

9. Sahani zote za diski kuu ni alumini?

Siyo, na hapa ndipo watu hukata mikono. Sahani za diski kuu za kompyuta mpakato, zile za inchi 2.5, mara nyingi ni kioo kilichopakwa metali. Hata baadhi ya zile za inchi 3.5 ni kioo. Zikiwa mezani huwezi kuzitofautisha kwa kuzitazama.

Toa sahani moja sadaka kutoka kila diski kuu uliyofungua. Izungushie kitambaa kizito, ibane nusu kwenye jiliwa, vaa miwani, kisha ipinde kwa koleo. Alumini itapinda kama bati nene. Kioo kitalia mara moja, na ukifungua kitambaa utakuta unga na vijiti vya kung'aa. Zilizobaki za diski kuu hiyo zote ziende zikatupwe. Usichanganye sahani za mashine mbili tofauti kwenye rundo moja, kwa sababu unene haulingani.

10. Nafasi kati ya diski iwe kiasi gani?

Inategemea mnato na kasi. Kwa hewa kwenye mizunguko 10,000, hesabu ya tabaka la mnato inatoa kama milimita 0.38. Kwa mizunguko 20,000 inashuka hadi 0.27. Kwa kazi ya nyumbani, chochote kati ya 0.3 na 0.5 kitafanya kazi.

Pete za chuma zinazotoka ndani ya diski kuu ni nene mno. Kata pete zako kutoka bati la kopo la soda: ukuta wake ni takriban milimita 0.1, basi tatu zikipandana zinafanya 0.3. Safisha kila ukingo kwa msasa laini, kwa kuwa unywele mmoja wa bati ulioachwa unainua diski upande mmoja. Usitumie karatasi wala plastiki: zinabonyea, bolti zinalegea, na rundo linaanza kuteleza.

11. Matundu ya kutolea hewa niyatoboe wapi na kwa umbo gani?

Karibu na kitovu, nje kidogo ya sehemu inayobanwa, na yawe ya duara. Video nyingi zinaonyesha matundu ya umbo la pembe tatu au nyota. Yanapendeza, lakini kila kona kali ni mahali ufa unapozaliwa. Hata tundu la duara huongeza mkazo pembeni yake mara mbili au tatu, ndiyo maana kikomo cha swali la 7 ni kidogo kuliko alumini nzima ingeweza kubeba.

Bana rundo zima kati ya vipande viwili vya mbao ngumu, toboa kwa drili ya meza mara moja, kisha weka alama ya kalamu upande mmoja wa rundo ili diski zirudi kwenye mpangilio uleule. Drili ya mkono huacha matundu yasiyolingana, na gharama yake utailipa kwenye swali la 13.

12. Mhimili na beringi?

Usitumie nondo yenye nyuzi kuwa mhimili. Haijanyooka, na nyuzi zake hazikai katikati ya beringi. Vyuma vya mviringo vya milimita 8 vilivyomo ndani ya printa mbovu vimenyooka sana na vinaingia sawasawa kwenye beringi namba 608, ile ya viatu vya magurudumu. Chagua yenye kifuniko cha bati. Yenye mpira hupata joto na kikomo chake ni mizunguko kama 20,000. Kamua grisi nzito, weka mafuta mepesi.

Tundu la sahani ya inchi 3.5 ni milimita 25, kwa hiyo unahitaji bushi ya kukereza yenye nje 25 na ndani 8. Mpe fundi wa kerezo, Gerezani ya Dar es Salaam au Kamukunji ya Nairobi, na umwambie nje na ndani vikerezwe bila kuifungua kwenye mashine. Hilo ukilisema ataelewa kwamba unajua unachotaka. Rundo libanwe kwa nati mbili zilizofungana.

13. Nitasawazishaje rota?

Weka rula mbili za chuma zisimame kwa makali yake, sambamba, zimebanwa kwenye mbao na kupimwa kwa pimamaji. Laza mhimili juu yake, bila beringi. Upande mzito utajiviringisha kwenda chini. Weka alama, geuza robo mzunguko, acha tena. Ukirudi palepale mara zote, piga tupa kidogo kwenye washa ya kubania upande huo, au ongeza kipande cha bati upande wa pili. Usiiguse diski yenyewe. Endelea hadi rota ikae popote unapoiacha. Mara nyingi kazi hii huchukua muda kuliko ujenzi wote, na anayeiharakisha ataijua siku ya kuwasha.

Njia hii ina mwisho wake. Kiwango cha kawaida cha turbini, kwa rota ya gramu 300 kwenye mizunguko 10,000, kinaruhusu kosa la gramu 0.015 tu ukingoni. Hiyo ni chini ya uzito wa punje moja ya mchele. Rula hazisikii uzito huo vizuri, wala hazikuambii kama upande wa kushoto wa rundo unapingana na wa kulia. Ukitaka kasi kubwa, tafuta mafundi wanaokarabati turbo za malori. Wana mashine za kusawazisha vitu vya ukubwa huuhuu, na wengi hufurahi kupata kazi ya ajabu.

14. Kasha liwe la nini?

Chuma. Bomba la inchi 4 la skeduli 40 lina ndani ya milimita 102 na ukuta wa milimita 6, linafaa kwa diski za 95. Nafasi inayobaki ni kubwa mno kwa ufanisi, basi ijaze kwa pete ya alumini iliyokerezwa hadi ibaki milimita 0.5 hadi 1 kuzunguka diski.

Vifuniko vya pembeni vya plastiki ya kuona ndani ndivyo vinavyopendwa kwenye video, na ndivyo vinavyotisha zaidi. Kwanza, haviwezi kuzuia kipande cha diski. Pili, ikitokea njia ya kutolea hewa imeziba huku bar 6 zinaingia, kifuniko cha upana huo kinasukumwa kwa kani ya karibu kilo 500. Tumia bamba la chuma au alumini nene, na matundu ya kutokea yawe mapana kiasi kwamba hayawezi kuziba kwa bahati mbaya. Ukitaka kuona ndani, weka simu irekodi.

Nje ya kasha weka ngao ya pili: mifuko ya mchanga kuzunguka, au shimo ardhini. Vipande hurukia upande wa duara la diski, na vifuniko hurukia upande wa mhimili, kwa hiyo hakuna upande ulio salama kusimama karibu. Simama nyuma ya ukuta.

15. Nozeli?

Tundu la milimita 1.5 hadi 2, liambae na ukingo, na mdomo wake uchongwe kuwa mwembamba kufuata upana wa rundo ili hewa isipige makali ya diski za pembeni tu. Nozeli moja nzuri inatosha.

## Kuiwasha na kuiendesha

16. Mara ya kwanza niiwasheje?

Zungusha kwa kidole kwanza: isiguse popote, isitoe sauti ya kukwaruza. Funga kasha kwenye benchi zito, si kwenye meza ya plastiki. Koki ya kuzima iwe ya kugeuza robo, iwe upande wako wa ukuta, na mpira wa hewa ubanwe kwa klampu pande zote mbili. Miwani, vizibo vya masikio, hakuna shati la kuning'inia, hakuna watoto wala watazamaji.

Fungua kidhibiti presha kwenye bar 0.5 na uache izunguke huku unasoma kasi. Shusha hadi sifuri, gusa beringi kama zina joto, kaza nati. Panda kwa hatua ndogo hadi ufike kikomo ulichoandika, ukiandika presha na kasi kila hatua. Daftari hilo ndilo litakalokuambia baadaye kwamba beringi inakufa, pale presha ileile itakapoanza kutoa kasi ndogo.

Ukisharidhika, ijaribu mara moja kwa asilimia 20 juu ya kikomo, ikiwa shimoni na watu wakiwa mbali. Usisahau kwamba asilimia 20 ya kasi ni asilimia 44 ya nishati.

17. Naweza kufunga mota ya droni kama jenereta?

Ndiyo, na ni chaguo zuri. Mota isiyo na brashi ya 1,000 kv (si kilovolti, ni mizunguko 1,000 kwa dakika kwa kila volti) itakupa kama volti 10 kwenye mizunguko 10,000, ukaipitisha kwenye daraja la daiodi la nyaya tatu.

Hatari iko kwenye waya. Mzigo wa umeme ndio breki ya turbini. Waya ukichomoka, au betri ikijaa na chaja ikajifunga, mzigo unaondoka ghafla na kasi inapanda kwa sekunde chache. Kwa hiyo presha ipangwe kwa kiwango ambacho, hata bila mzigo wowote, mashine haivuki kikomo. Utapoteza wati kadhaa. Balbu za gari zilizofungwa moja kwa moja, bila swichi, ni nyongeza nzuri, ila zisichukuliwe kuwa kinga pekee.

18. Inatetema kwenye kasi fulani, kisha inatulia ikipita hapo. Ni kawaida?

Ni kasi ambapo mhimili unaitikia mtetemo wake wenyewe. Kutulia baada ya hapo si kibali: ina maana utapita palepale kila unapowasha na kila unapozima. Fupisha umbali kati ya beringi, au nunua mhimili mnene zaidi. Mtetemo mpya kwenye mashine iliyokuwa tulivu ni jambo tofauti. Zima papo hapo, fungua, tafuta ufa.

19. Mlio wake ni mkali mno. Nifanye nini?

Vaa vizibo, na utoe hewa kupitia bomba pana lililojazwa sufi ya chuma kwa ulegevu. Ukikaza sana unarudi kwenye lile la kifuniko katika swali la 14.

## Mvuke, maji na yale ya pembeni

20. Nitumie sufuria ya presha kama boila?

Sufuria ya presha hufanya kazi kwa bar 1 hivi kwenye geji, nyuzi 120. Kwa turbini ndogo ya kuonyesha inaweza kuizungusha, na kwa sharti moja lisilojadiliwa: vali yake ya usalama na kile kizibo cha dharura vibaki vilivyo. Wanaopata shida ni wale wanaotoboa kifuniko, wakachomelea bomba pale palipokuwa na vali, kisha wakashangaa.

Maji yakigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida hujaa nafasi kama mara 1,600. Chombo kikipasuka, maji ya nyuzi 120 yaliyomo hugeuka mvuke kwa mkupuo, na hapo turbini si tatizo lako tena. Hewa ya kompresa ikivuja inakupulizia. Mvuke unakuchuna. Zaidi ya hayo mvuke huleta matone yanayokula beringi, na alumini hulegea kwa joto, kwa hiyo kikomo cha kasi kishushwe tena. Ushauri wangu: maliza kila unachotaka kujifunza kwa hewa kwanza. Wengi wakifika hapo, hamu ya mvuke imeisha yenyewe.

21. Na mtungi wa gesi ya kupikia uliokwisha, niufanye tangi la hewa au boila?

Usifanye hivyo. Tangi la lita 50 kwenye bar 8 lina nishati ya takriban jouli 50,000, zaidi ya mara 80 ya rota ya swali la 5. Nunua tangi lililotengenezwa kwa kazi hiyo, likiwa na vali yake ya usalama, na ulimwage maji ya chini kila jioni ili kutu isile kutoka ndani. Usilichomelee chochote. Likitakiwa kupimwa, lipimwe kwa kujazwa maji, wala si kwa hewa, maana maji hayajibani: ufa ukitokea yanamwagika tu.

Wapo pia wanaouliza kama wanaweza kutumia oksijeni ya kuchomelea kwa kuwa ipo karakanani. Oksijeni ya presha ikikutana na mafuta ya beringi huwaka bila kiberiti.

22. Kwa maji je? Tuna mto na mteremko.

Kwa usalama, maji ndiyo mwalimu bora. Tangi lililoinuliwa mita 10 linatoa bar 1, na maji hutoka kwa mwendo wa mita 14 kwa sekunde, hivyo diski haiwezi kukimbilia popote pa kutisha. Nafasi kati ya diski kwa hesabu ingekuwa ndogo kuliko ya hewa, lakini mchanga hauijui hesabu: iache milimita 0.5 hadi 1.

Kwa umeme wa kijiji, hata hivyo, tengeneza gurudumu la Pelton, lile lenye vikombe ukingoni vinavyopigwa na maji. Hata dogo lililofanywa kwa uangalifu huvuka asilimia 60. Diski hupata nafasi pale tu maji ni ya tope kiasi cha kuyala mapanga.

23. Nikifanya diski za sentimita 30 nitapata nguvu zaidi?

Utapata hatari zaidi kwanza. Kwa unene na mizunguko ileile, nishati ya diski hukua kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne: kutoka 9.5 hadi 30 ni takriban mara 100. Kikomo cha 10,000 cha diski ndogo kinakuwa kama 3,200 kwa diski hiyo, ili ukingo ubaki na mwendo uleule. Bati kubwa jembamba pia hupepea. Kupinda ndiko kulikoisumbua Allis-Chalmers, na wao walikuwa na kiwanda.

24. Ninahitaji kibali?

Ukiwa nyumbani na hewa ya kompresa ndogo, kwa kawaida hakuna anayekuuliza. Mara mahali pakiwa pa kazi au pa kufundishia mambo hubadilika: Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya ina yake ya mwaka 2007, na zote zinagusa boila na matangi ya hewa. Mwalimu anayetaka kuionyesha darasani amwite mkaguzi kabla, tena aitumie kwa maji.

25. Rota yangu ilivuka kikomo mara moja, ikazima salama. Niendelee kuitumia?

Fungua upime kipenyo cha kila diski kwa kalipa, mahali pawili au patatu. Diski iliyoongezeka hata kidogo imevutika na haitarudi. Isiyoongezeka, ikague kwenye kingo za matundu kwa lenzi na mwanga wa pembeni. Ukiona mstari wowote unaoanzia tunduni, tupa rundo zima, kwa kuwa zote zilipata mkazo uleule. Diski za CD zitupe bila kupima. Beringi badilisha kwa vyovyote vile, ni bei ya soda mbili tatu.